Nyuki seremala wametoboa boriti za baraza: nizibe matundu sasa au nisubiri?

Mwenye Baraza

Nawasalimu nyote. Nyuma ya nyumba yetu kuna baraza ambalo paa lake limebebwa na boriti sita za msonobari. Boriti hizo zina miaka saba sasa na hazijawahi kupakwa rangi wala vanishi, kwa sababu mimi na mke wangu tulipenda jinsi mbao zilivyokuwa zikigeuka kijivu taratibu kwa jua na mvua. Wiki tatu zilizopita nilianza kukuta unga wa mbao juu ya meza kila asubuhi, tena mahali palepale, kana kwamba kuna mtu aliyefanya kazi ya msumeno usiku. Nilipopanda ngazi niliona tundu upande wa chini wa boriti ya tatu, la duara kamili na lenye kingo laini kama lililotobolewa kwa keekee, ambalo ncha ya kidole changu kidogo inaingia bila shida. Mbao iliyo chini ya tundu hilo ina michirizi ya manjano na kahawia ambayo haitoki kwa kitambaa chenye maji. Nilitega sikio na nikasikia mkwaruzo mdogo usiokoma, kama wa mtu anayepiga msasa akiwa na subira kubwa.

Mbele ya boriti hiyo hukaa nyuki mkubwa mweusi anayeelea hewani usawa wa uso wangu. Nikisogea naye husogea, nikirudi nyuma hunifuata hatua mbili kisha hurejea mahali pake, na nimemwona akimfukuza hata kipepeo aliyekuwa akipita zake. Watoto wameacha kabisa kukaa barazani.

Jumamosi nilipata matundu mengine mawili, nikayaziba yote matatu kwa puti na nikaona kazi imekwisha. Jumatatu asubuhi unga ulikuwa mezani tena. Puti ilikuwa salama bila hata mkwaruzo, ila kando yake, upana wa kidole kimoja tu, kulikuwa na tundu jipya.

Naomba kuelimishwa katika mambo matatu. Je, wadudu hawa wanakula mbao kama mchwa, na paa langu liko hatarini? Je, huyo anayetukabili ndiye wa kuogopwa? Na je, kuna namna ya kuziba ambayo haitaleta tundu jipya siku mbili baadaye? Jirani amenishauri nimimine petroli ndani ya matundu, lakini mke wangu amekataa katakata.

Fundi wa Randa

Ndugu Mwenye Baraza, mke wako amekuokoa. Petroli iliyoingia ndani ya boriti kavu haikai mahali ulipoimwaga, bali hufuata nyufa na nyuzi za mbao na kutoa mvuke, halafu siku moja mtu anakaa chini yake na jiko la mkaa. Nimefanya useremala zaidi ya miaka ishirini, na katika kazi za kurekebisha mapaa hawa nyuki nimekutana nao mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nianze na kosa la Jumamosi, kwa kuwa ndilo kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya kwanza.

Ulipoziba yale matundu hukuuliza kama mwenye nyumba yumo. Nyuki jike akiwa ndani, puti yako kwake ni mlango uliofungwa tu, naye ana mataya yaliyoumbwa kwa ajili ya kutoboa miti, kwa hiyo haoni sababu ya kuhangaika na puti ngumu wakati mbao laini iko pembeni. Akiwa nje anarudi, anakuta mlango umefungwa, na anaanza mwingine hapohapo, kwa sababu nyuki hawa wanapendelea sana mahali walipozaliwa au walipowahi kuishi. Ndiyo maana tundu jipya liko karibu na la zamani kiasi hicho.

Kuhusu kula mbao, jibu ni hapana. Chakula chao ni nekta na chavua kama nyuki wengine, na mbao kwao ni nyumba tu. Huo unga ulioukuta mezani ndio mbao yenyewe iliyotafunwa na kutupwa nje, na wingi wake ni dalili nzuri ya kukutofautishia na mchwa, kwa kuwa mchwa hawatupi unga namna hiyo. Wao hula kimyakimya na hujenga vichuguu vyembamba vya udongo ukutani. Hiyo michirizi ya manjano ni kinyesi cha nyuki, nayo kwa kawaida huonekana chini kidogo ya mlango wao.

Sasa nikueleze kilichomo ndani, maana ukikijua hutaziba ovyo tena. Tundu huwa na upana wa milimita 12 au 13 hivi. Linaingia moja kwa moja kwa takriban sentimita mbili na nusu, kisha linakata kona kali na kufuata uelekeo wa nyuzi za mbao, kulia au kushoto au pande zote mbili. Niliwahi kupasua ubao wa ukingo wa paa uliokuwa na tundu moja tu kwa nje, na nikakuta njia ya urefu wa sentimita 15 hivi, safi kama bomba, iliyogawanywa vyumba sita kwa kuta nyembamba za unga wa mbao uliofinyangwa. Katika kila chumba palikuwa na donge la manjano la chavua iliyochanganywa na nekta, na juu ya donge kulikuwa na yai jeupe lililopinda, au buu aliyeanza kula. Jike huanza kutaga mwisho kabisa wa njia, anaziba, anarudi nyuma hatua moja, anataga tena, hadi anakaribia mlangoni. Ni kazi ya polepole sana. Katika mbao yenyewe anaweza kuchukua karibu wiki nzima kwa sentimita mbili na nusu tu.

Kwa njia moja kama hiyo, boriti nene haivunjiki, na hapo uondoe hofu. Hatari inakuja pale watoto wanapokua, wanaporudi kwenye njia ileile na kuirefusha, na watoto wao nao wakafanya hivyo, kwani baada ya miaka kadhaa ubao mwembamba unabaki ganda. Maji ya mvua yanaingia kwenye matundu na mbao inaanza kuoza kutoka ndani. Kisha kuna kigong'ota, ambaye husikia mabuu wakitikisika ndani na kuwachimbua kwa mdomo. Nyuki anatoboa duara safi, lakini kigong'ota anapasua ubao kwa urefu wa mkono, na mwenye nyumba huja kulalamika juu ya nyuki.

Namna ninavyofanya mimi ni hii. Jioni giza linapoanza kuingia, nyuki wakiwa wametulia ndani, napuliza dawa ya unga ya kuulia wadudu kwenye tundu kwa kipulizio chenye mdomo mwembamba, nikielekeza mdomo huo pande zote mbili za ile kona, kisha naacha tundu wazi kwa siku kadhaa. Kuacha wazi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayeingia na kutoka ndiye anayeisambaza dawa mpaka ndani, na vijana wanaotoka vyumbani hulazimika kupita juu yake. Dawa ya maji haifiki mbali kwa sababu ya kona. Nikishahakikisha hakuna anayeingia wala kutoka, nachonga kijiti cha duara cha upana wa tundu, nakipaka gundi ya mbao, nakigongomea ndani, nakata kinachobaki nje, napiga msasa na kupaka rangi. Puti peke yake hukauka, ikasinyaa na kuanguka, hivyo mimi huitumia kusawazisha uso tu. Wengine husokota waya wa kusugulia masufuria na kuusukuma ndani kabla ya kijiti, nao husaidia, kwa kuwa nyuki hatafuni chuma.

Na rangi ndiyo dawa ya kweli. Mbao laini isiyopakwa kitu, iliyokauka kwa jua, ndiyo wanayoitafuta, hasa msonobari na mwerezi. Rangi ya mafuta juu ya praima, yaani rangi ya msingi, au vanishi nzito iliyopakwa mara mbili au tatu, huwafanya waende kwingine. Ile rangi nyepesi ya kuipa mbao wekundu tu haiwazuii. Usisahau upande wa chini wa boriti na ncha zake, sehemu ambazo wapaka rangi huziacha kwa kuwa hazionekani, na ambazo nyuki huziona kwanza.

Mama Pacha

Fundi amejibu vizuri upande wa mbao. Mimi niongeze upande wa watoto, kwa kuwa ndilo lililonisumbua zaidi nilipokuwa na tatizo hili kwenye lango letu la mbao.

Yule anayeelea mbele ya uso na kumfukuza kila kipitacho ni dume. Kazi yake ni kulinda eneo akisubiri majike, na ana vitisho vingi visivyo na kitu nyuma yake, kwa sababu mwiba wa nyuki kwa asili ni kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika, na dume hana kiungo hicho. Hawezi kumuuma mtu hata akitaka. Katika aina nyingine dume ana doa jeupe au la manjano usoni, na ziko aina ambazo dume ni wa manjano mwili mzima huku jike ni mweusi, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni wadudu wawili tofauti. Jike ana mwiba, na mwiba wake haunasi kwenye ngozi kama wa nyuki wa asali, kwa hiyo anaweza kuuma zaidi ya mara moja. Lakini yeye ana shughuli zake na humuuma mtu pale tu anapokamatwa, anapobanwa au anapokanyagwa. Niliwafundisha pacha wangu jambo moja tu: usiingize kidole wala kijiti kwenye tundu. Baada ya hapo tuliishi nao.

Mtu ambaye mwili wake huwa unavimba vibaya akiumwa na nyuki wa aina yoyote ni jambo jingine, na huyo asipande ngazi kufanya kazi hii hata kidogo. Akiumwa na midomo ikaanza kuvimba au pumzi ikawa nzito, apelekwe hospitali papo hapo, bila kusubiri kuona kama itapungua.

Kwa wale wanaoichagua dawa ya unga, naomba msome kibandiko. Nyingi kati ya hizo zina permethrini au dawa za jamii hiyo, na permethrini ni sumu kali kwa paka na kwa samaki. Boriti iko juu ya kichwa chako, kwa hiyo unga unakuangukia wewe kwanza, na barakoa, glavu na miwani ya kukinga macho si mapambo. Meza na viti viondolewe kabla.

Mtego nao nimeutumia. Ni kisanduku cha mbao isiyopakwa rangi, chenye matundu ya ukubwa uleule yaliyotobolewa kwa kuinamia juu, na chupa angavu imening'inizwa chini yake. Nyuki anaingia akidhani amepata nyumba, anataka kutoka, anafuata mwanga ulioko chini, anajikuta ndani ya chupa. Ulinasa, lakini nilipoangalia chupa niliona karibu wote ni wale wenye doa usoni, yaani madume, ambao hawakuwa wamenitobolea chochote. Niliuondoa.

Mkulima wa Pasheni

Nimesoma kwa makini, na nina jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Mimi ninapanda pasheni, na nyuki huyu mnayempulizia unga ndiye anayenilisha.

Ua la pasheni ni kubwa, na sehemu zake za chavua zimening'inia juu kwa namna ambayo nyuki wa asali anaweza kuingia, akanywa na kutoka bila kuzigusa sawasawa. Nyuki seremala ana mwili wa kutosha, hivyo mgongo wake unasugua chavua akiinama kunywa, na anapokwenda ua la pili anaipeleka. Shamba lisilo na nyuki hawa, mkulima analazimika kupita ua kwa ua mchana akiwa na brashi au akitumia vidole. Tena, kwa maua ya nyanya na bilinganya ana ufundi mwingine: hulishika ua na kutetemesha misuli yake ya kurukia bila kuruka, na chavua iliyofungiwa ndani inamwagika kama chumvi kwenye kidumu. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Sisemi ni malaika, kwani kwenye maua marefu na membamba mara nyingi hupasua ua karibu na kitako chake na kuiba nekta bila kugusa chavua. Lakini faida yake kwangu ni kubwa kuliko wizi wake.

Ninachomwomba Ndugu Mwenye Baraza ni kutofautisha mambo mawili, yaani kumtoa nyuki kwenye boriti na kumwua. Rangi inamtoa. Kuziba kwa wakati wake kunamtoa. Hawa hawaishi kwa kundi la maelfu lenye malkia. Kila jike ana njia yake, au mara nyingine mama na binti zake wachache wanashirikiana mlango mmoja, kwa hiyo unashughulika na wadudu wachache tu. Mahali penye majira ya baridi kali, wazima wapya hutoka mwishoni mwa kiangazi, wanakula, kisha hurudi kwenye njia hizohizo kulala baridi yote. Kipindi kifupi kile ambacho wote wametoka ndicho cha kuziba. Mahali pa joto hawana likizo kama hiyo, wanazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na hapo inabidi uchunguze tundu moja moja.

Namna yangu ya kuchunguza ni rahisi. Jioni nabandika kipande cha karatasi nyembamba ya chooni juu ya kila tundu kwa tone la gundi ya unga pembeni. Nyuki aliye ndani ataitoboa asubuhi akitaka kwenda kazini. Karatasi ikikaa siku kadhaa za jua bila kuguswa, njia hiyo haina mtu mzima, ingawa huenda ina watoto. Ndiyo sababu nasubiri wiki nane hivi tangu nilipoona jike akileta chavua miguuni kabla ya kuziba, maana tangu yai mpaka nyuki anayeruka huchukua takriban wiki saba, pungufu kidogo kukiwa na joto. Wakati huohuo nimewaachia magogo makavu laini na vipande vya mianzi mwisho wa shamba, mbali na nyumba, mahali penye jua la asubuhi. Wengi wamehamia huko, si wote.

Fundi wa Randa

Mkulima, hoja yako naikubali, na ile ya karatasi nitaiiba. Lakini wiki nane ni nyingi kwa ubao mwembamba uliokwisha kutobolewa mara kadhaa, na kigong'ota hasubiri. Mimi ningeigawa kazi: boriti nene ingoje, ubao mwembamba wa ukingo wa paa, kama nao umetobolewa, ushughulikiwe sasa, hata kwa kuubadilisha wote. Ubao uliotolewa si lazima uchomwe. Unaweza kuuegemeza kwenye magogo yako na watoto waliomo wakatoka wenyewe.

Mwenye Baraza

Nawashukuru wote watatu, na nimerudi na taarifa. Nimehesabu matundu upya baada ya kuzungukia kila boriti na ncha zake, na ni tisa, si manne, kwa kuwa matano yalikuwa kwenye ubao wa ukingo ambao sikuwahi kuutazama kutoka chini. Puti ya Jumamosi nimeitoa kwa patasi. Katika moja ya yale matatu, niliingiza waya mwembamba polepole, ukagonga ukuta sentimita mbili na nusu kama Fundi alivyosema, kisha ukakunja kona na kwenda sentimita 22 kabla ya kugusa kitu laini, nikauondoa haraka. Naona Mama Pacha alikuwa na haki kuwakataza watoto, maana dakika hiyohiyo kulitokea mngurumo ndani ya boriti ambao niliusikia mpaka kwenye ngazi.

Jana jioni nilibandika karatasi tisa. Leo saa mbili asubuhi tano zilikuwa zimetobolewa, nne ziko nzima, na zote nne zilizobaki ziko kwenye ubao wa ukingo. Huo nitautoa mwishoni mwa juma kama hazitaguswa hadi hapo, na mke wangu amekwisha chagua mahali pa kuuweka, nyuma ya tangi la maji panapopata jua mapema. Boriti nitazisubiri. Swali lililobaki ni kwa Fundi: je, ninaweza kuanza kupaka praima kwenye boriti ambazo hazijatobolewa wakati nyuki wa yale matundu manne bado wanaishi kwenye boriti ya tatu, au harufu ya rangi itawasukuma waanze matundu mapya kabla sijamaliza?

Fundi wa Randa

Anza na hizo safi, leo kama unaweza. Nyuki anayetafuta mahali pa kutoboa akizikuta zimepakwa, hana pa kuanzia. Boriti ya tatu iachie upana wa kiganja bila rangi kuzunguka kila mlango, wasinaswe na rangi mbichi wakitoka, na upande wa juu uumalize kwanza kwa sababu huko ndiko maji yanakoingilia.